Mpaka wa Undugu

Kabla ya kumfundisha hata mstari mmoja, Mwalimu Kiondo alimpa Nakijwa glasi ya maji yaliyotekwa kwenye ndiva ya kijiji na kumwambia anywe mpaka chini.

"Yote, mwalimu?"

"Yote. Sheria inanitaka nishuhudie."

Maji yalikuwa na tope kidogo na ladha ya majani. Nakijwa aliyanywa huku akimtazama mwalimu kwa pembeni, asijue kama anatahiniwa au anataniwa. Alipomaliza, mwalimu alibonyeza simu yake, simu ikaitikia, na tangu hapo Nakijwa binti Mchomvu akawa mwanafunzi halali wa Tunga, lugha ya kuandikia programu za simu zinazogusa maji, dawa au ardhi.

Programu nyingine zote duniani ziliandikwa na mashine, na mashine hazikuomba msaada wa mtu. Mambo hayo matatu yalitengwa tangu mwaka ule bonde zima lilipofungiwa maji na programu ambayo hakuna binadamu aliyeweza kuisoma, wakubwa wakabaki kutazamana. Ndipo ikapitishwa kwamba programu ya maji itaandikwa na mtu aliye hai, kwa lugha inayosomeka, na mtu huyo awe anakunywa maji hayo hayo. Kila mstari ubebe jina la aliyeuandika. Na kabla haujaanza kazi, usomwe kwa sauti mbele ya wote unaowahusu.

Ni sheria nzuri. Ubaya wake ni kwamba inahitaji watu, na watu wana mashamba ya kulima. Pale Kwamrutu, kwenye milima ya Upare, walioanza darasa walijaza benchi mbili. Masika yalipokatika alikuwa amebaki Nakijwa peke yake. Wengine walisema macho yanawauma.

Mwalimu Kiondo alikuwa mtu wa madebe. Hakuna kitu katika Tunga ambacho hakukieleza kwa debe.

"Kibadilika ni debe," alisema. "Ubavuni lina jina. Leo unatia mahindi, kesho maharage. Jina ni lile lile, kilichomo ndicho kinabadilika."

"Na likiwa tupu?"

"Tupu nayo ni hali. Lazima uiambie simu ifanye nini ikikuta debe tupu, maana yenyewe haitakisia. Wewe ukikosa chumvi unakwenda kwa jirani. Simu itakaa hapo hapo na sufuria jikoni."

Wakaenda kwenye sharti: kama mvua imenyesha, usifungue lango, vinginevyo, fungua. Wakaenda kwenye kitanzi: kwa kila nyumba iliyo kwenye zamu, fanya hivi, kisha hamia inayofuata. Kwa zoezi lake la kwanza Nakijwa alitunga programu ndogo ya kumwamkia shangazi yake, Nambike, aliyemlea tangu utotoni. Aliandika "rudia", akasahau kuandika "mpaka". Simu ya shangazi ikaanza kuamkia alfajiri. Shikamoo shangazi, shikamoo shangazi, mfululizo, mpaka bibi wa watu akachoka kuitikia.

"Marahaba! Marahaba! Sasa basi, nimekuwa chifu?" alifoka, akaifunga simu kwenye kanga na kuizamisha kwenye pipa la pumba. Ilisikika ikiamkia kuku hadi chaji ilipokwisha.

Mwalimu alicheka mpaka akatoa miwani. Kisha akamfundisha kazi.

"Ukichoka kuandika maagizo yale yale kila mara, unayafunga pamoja kama furushi, unalipa furushi jina. Baadaye unaita jina tu. Hiyo inaitwa kazi. Na kazi inaweza kuita kazi nyingine."

"Inaweza kujiita yenyewe?"

"Inaweza. Ila hilo ni somo la mwakani."

Nakijwa hakusubiri mwakani.

*

Ndiva ni bwawa la kijiji. Hujazwa usiku na kijito, hufunguliwa asubuhi, na maji hushuka kwa mfereji kutoka shamba la juu hadi la chini, kila nyumba kwa zamu yake. Zamani nyumba ikifiwa, jirani mwenye zamu alikwenda mferejini, akaelekeza maji kwa mfiwa, akarudi kwake bila kusema neno. Hakuna aliyemwagiza, wala hakushukuriwa.

Kisha yakaja malango ya chuma yanayofunguliwa kwa simu. Yalimaliza ugomvi wa wizi wa maji, hilo lazima lisemwe. Lakini kuuziana zamu kulikuwa kumepigwa marufuku, na programu haikujua tofauti ya kuuza na kupeana. Lango likimkataa mtu, limemkataa. Mwaka uliopita mjane wa Kiangi alitoka kwenye matanga ya mumewe akakuta maharage yake yamekauka hadi kwenye kona za shamba, na majirani zake wote walikuwa wameona na hawakuweza kitu. Jambo hilo lilikitia kijiji aibu. Kamati ya ndiva, ambayo mwenyekiti wake alikuwa Shangazi Nambike, ikampa Nakijwa shughuli: airudishe desturi ndani ya simu. Nayo ndiyo ikawa programu yake ya kupatia cheti.

Aliiandika kwa mistari michache:

kazi weka_mbele(mtu)
    kama mtu ameshawekwa, acha
    mtangulize mtu kwenye zamu
    kwa kila n katika ndugu(mtu)
        weka_mbele(n)

Yaani mtu akifiwa, anatangulizwa. Kisha anatangulizwa kila ndugu yake, kwa sababu ndugu naye ameacha shamba lake ili akae msibani. Kisha kazi inajiita yenyewe juu ya yule ndugu. Na safari hii hakusahau: aliyekwisha kuwekwa harudiwi, kwa hiyo programu haiwezi kuzunguka milele. Orodha ya nasaba ilikuwa tayari kwenye kumbukumbu za kijiji, damu na ndoa, kila mtu na wake.

Mwalimu Kiondo aliijaribu kwa familia ya kubuni ya watu sita. Ikaenda bila kigugumizi. Akampa cheti na kumwambia kwamba wanafunzi wake wa wilayani hawajafika hapo.

Siku ya kusomwa, Nakijwa alisimama mbele ya mkutano akausoma kila mstari kwa Kiswahili cha kawaida. "Mfiwa atangulie. Kisha ndugu zake. Kisha ndugu wa ndugu zake."

"Naam!" mkutano ukaitikia.

"Huo ndio utu," alisema mmoja, na watu wakapiga makofi. Hakuna aliyeuliza ndugu wa ndugu zake wanaishia wapi. Kwamrutu hilo si swali. Watu wa pale wameoana na kuozana tangu kilima kiwe kilima, na anayeanza kuhesabu undugu huonekana ana jambo analotaka kukwepa.

*

Kiangazi kikiwa kimekolea, Mzee Elinihaki Mrutu alifariki. Alikuwa fundi cherehani na mwimbaji wa besi kanisani, mtu aliyependwa. Mazishi hayakuweza kufanyika mara moja, maana mwanawe wa kwanza alikuwa akifanya kazi kwenye mitambo iliyoko chini ya bahari kuu, na watu wa huko hawapandi juu ghafla. Hufungiwa kwanza ndani ya chumba cha shinikizo, damu ikazoea taratibu. Kwa hiyo msiba ulikaa ukimsubiri.

Programu ilifanya kazi siku hiyo hiyo. Simu zikalia kilima kizima: umefiwa, pole, umetangulizwa. Watu walifarijika. Wengine walimshika Nakijwa mkono barabarani.

Siku chache baadaye Luhende alipiga hodi kwake. Alikuwa ametoka kando ya ziwa, upande wa Usukumani, baada ya ziwa kupanda na kumeza kijiji chao, na kamati ilikuwa imempa shamba la mwisho kabisa chini ya mfereji, yeye na mkewe Kabula. Alisimama mlangoni amevua kofia.

"Pole na msiba, dada Nakijwa."

"Ahsante, kaka Luhende. Tumeshapoa. Karibu ukae."

"Nimekaribia, sitakaa." Aliigeuza kofia mkononi. "Najua huu si wakati wa kuulizana maneno. Ila nilitaka kujua, mimi zamu yangu ni lini?"

Nakijwa akafungua simu. Orodha ilianza kwa watoto wa marehemu, ikashuka kwa kina Mrutu, kina Kiangi, kina Msuya, kina Mchomvu, ikashuka tena na tena. Aliendelea kuisukuma kwa kidole. Mwisho kabisa, chini ya watu wote, likakaa jina moja: Luhende.

Luhende aliinama kutazama. "Wote hawa wamefiwa?"

"Wote ni ndugu."

"Hongereni," alisema Luhende, kisha akajiziba mdomo. "Samahani dada, nimeropoka. Sikumaanisha."

Lakini tatizo lilikuwa limeshaonekana. Ndiva ya kiangazi haitoshi kilima kizima kwa siku moja. Siku zote mashamba ya chini hupata siku inayofuata. Ila wakati wa msiba foleni huanza upya kila asubuhi kwa wafiwa. Wafiwa walikuwa kilima kizima. Maji yaliisha kila siku kabla ya kumfikia mtu pekee asiye na ndugu, na kesho yake yakaanzia juu tena.

Luhende alichomoa mche wa nyanya mfukoni mwa shati. Majani yalikuwa yameshajikunja. "Kabula anainyunyizia kwa kikombe, maji yetu ya kunywa. Kitalu cha kwanza kimekufa. Hiki cha pili nakipa siku mbili, tatu. Kikifa hiki hatuna cha kupanda tena, dada, na hatuna pa kurudi. Kwetu sasa hivi ni samaki wanaotembea sebuleni."

Alisema hayo bila hasira, jambo ambalo Nakijwa aliliona baya kuliko kama angepiga kelele.

*

"Programu yako haina kosa," alisema Mwalimu Kiondo kwenye simu. "Nimeipitia tena mstari kwa mstari. Inafanya ulichoiambia."

"Ndicho kinachoniudhi."

"Weka kikomo basi. Mstari mmoja. Mpe kila mtu umbali wake na marehemu, ukizidi kiasi fulani, kazi isimame."

"Kiasi gani?"

"Hilo si somo langu, mwanangu. Mimi nafundisha Tunga."

"Nikiandika tu, kama mtu ni Luhende, mpe maji?"

"Jina la mtu halikai ndani ya sharti. Kesho atahamia mwingine asiye na ndugu, utamwandika naye? Na siku ukigombana naye utamfuta?"

Akaiuliza simu. Simu, kama ilivyo kawaida ya mashine, haikushauri kitu. Ilimwonyesha tu nini kitatokea kwa kila tarakimu. Akiweka tatu, ndiva inakauka kabla ya Luhende. Akiweka mbili, inakauka pia, kwa sababu mashemeji wa kilima kile hawana mwisho. Akiweka moja, wanabaki mke wa marehemu, watoto wake na ndugu zake wa tumbo moja, na maji yanafika hadi chini. Halafu, bila kuombwa, simu ikaorodhesha wanaotoka kwenye orodha ya wafiwa. Karibu na mwanzo yalikuwepo majina mawili yanayofuatana: Nambike Mchomvu, Nakijwa Mchomvu.

Sheria ilitaka majina hayo yasomwe pia.

Alimfuata shangazi yake msibani. Shangazi alikuwa amekaa kwenye mkeka ndani ya nyumba ya marehemu, pamoja na wafiwa wa karibu, kitambaa cha wafiwa kimefungwa kichwani. Nakijwa alichuchumaa akamweleza yote kwa sauti ya chini. Shangazi alisikiliza hadi mwisho, maana alikuwa mwenyekiti na alizoea kusikiliza.

"Mama yangu alikufa mimi sijatambaa," alisema. "Mama yake Elinihaki akanibeba mgongoni. Elinihaki titi hili, mimi titi hili. Simu yako inalijua hilo?"

"Hailijui. Inajua damu na ndoa tu. Kwa ndoa wewe uko mbali."

"Basi liandike."

"Nikiandika kunyonya, shangazi, nusu ya kilima imenyonya huku na huku. Tutarudi pale pale."

"Basi niandike mimi tu."

Nakijwa aliinamia simu yake.

"Nimekulea, Nakijwa. Umewahi kunisikia nikikuomba?"

"Hapana, shangazi."

"Leo nakuomba. Maji sitaki, yapelekeni kwa huyo kijana, hata ya kwangu mchukue. Ninachotaka ni jina langu lisisomwe mbele za watu kwamba mimi si ndugu wa Elinihaki."

Ilikuwa haki yake, na hapo ndipo ugumu ulipokuwa. Nakijwa alitoka nje akaenda nyuma ya nyumba, karibu na tangi, akalia. Alilia kwa ajili ya shangazi, na kidogo kwa ajili yake mwenyewe, kwa kujifunza kitu ambacho wenzake walikikimbia kwa kisingizio cha macho. Aliweza kabisa kuongeza mstari wa kumbakiza mtu mmoja. Mstari mfupi tu, na watu wangeuelewa, labda wangeushangilia. Lakini aliyefungua mlango huo hataufunga. Kesho yake kina Kiangi wangekuja na mtu wao mmoja, kina Msuya na wao, kila mmoja na sababu ya haki kabisa, na chini kule miche ingekauka kwa sababu za haki.

Aliandika: kama umbali umezidi 1, acha. Simu ikauliza jina la mwandishi. Akalijaza.

*

Kwa kuwa kijiji kizima kilikuwa msibani, mchungaji aliruhusu mstari usomwe pale pale, baada ya sala ya mchana. Nakijwa alisimama uani, simu mkononi.

"Mstari unasema hivi. Mtu akiwa mbali na marehemu kuliko mke, mtoto au ndugu wa tumbo moja, programu isimtangulize."

Manung'uniko yakapita. Mzee mmoja wa kina Msuya akasimama na fimbo yake. "Binti, siku hizi undugu unapimwa kama kitambaa?"

"Sipimi undugu, babu. Napima maji."

"Maandishi yako yanasema ndugu. Nimeyasikia kwa masikio yangu."

"Ni kweli," alisema Nakijwa. "Yanasema hivyo, na mimi najua siyo kweli. Lakini maji hayafiki chini, na kuna mtu chini."

Watu wakamtafuta Luhende kwa macho. Hakuwa mbali. Alikuwa nyuma ya uwanja na shoka, akipasua kuni za msiba, kama alivyofanya kila siku tangu mzee afariki, huku kitalu chake kikifa.

Kisha Nakijwa akasoma majina ya wanaotoka. Angeweza kuyasoma kwa mpango wowote. Sheria haikutaja mpango. Akaanza na la shangazi yake, kwa sauti ile ile aliyoisomea mstari, na la pili likawa lake. Alipomaliza yote alibonyeza kitufe. Mbali huko chini lango likagonga chuma, mlio ukasikika mpaka uani. Simu ikalia mfukoni mwa Luhende. Hakuigusa. Alisimama tu na shoka lake, asijue kama ni adabu kuondoka.

Ndani ya nyumba, Shangazi Nambike aliinuka kutoka mkekani. Aliinuka polepole, kwa magoti yake mabovu, na hakuna aliyemsaidia kwa sababu hakuna aliyejua anataka nini. Alifungua kitambaa kichwani, akakikunja, akakiweka pale alipokuwa amekaa. Akatoka nje, akapita mbele ya watu wote, na akiwa anakwenda akajifunga kanga kiunoni.

Msibani mfiwa hukaa. Kupika, kuosha vyombo na kumenya ni kazi ya majirani. Shangazi alikwenda moja kwa moja nyuma kwenye mafiga, ambako majirani walikuwa wanamenya ndizi, akaketi kwenye benchi na kuchukua kisu.

"Nenda, baba," alimwambia Luhende. "Maji hayasubiri mtu."

Luhende akaweka shoka chini, akateremka kilima mbio.

Uani watu walikuwa wamesimama kama walivyokuwa. Nakijwa naye alisimama, asijue aingie ndani mkekani au aende zake nyumbani. Shangazi alimenya ndizi moja, akaitupa kwenye beseni, akachukua nyingine.

"Na wewe unangoja nini hapo na wafiwa?" alisema bila kuinua uso. "Si umejisoma mwenyewe? Njoo umenye."

Nakijwa alikwenda. Benchi lilikuwa limejaa. Shangazi alisogea kidogo kumpa nafasi, kidogo tu, na hakumtazama mpaka ndizi zilipokwisha.